Uso wa Mama Chini ya Turubai

Mama yangu aliuza ndizi kando ya barabara pale Daraja Mbili, chini ya turubai la bluu, mpaka alipofariki. Asubuhi jua lilipita pembeni ya turubai, likamwagikia ndizi na miguu yake, basi. Uso ulibaki kivulini. Na kivuli cha turubai la bluu si cheusi. Kina ubluu kama wa mshipa wa mkononi. Matundu yalimwangushia vidoa vya jua shingoni. Hivyo ndivyo ninavyomjua. Picha yake pekee ni ya kitambulisho, nayo imemfanya kama mtuhumiwa.

Nikamchora. Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya picha za watalii mjini. Mmoja anachora anga, mwingine Mlima Meru, mwingine twiga. Mimi nilikuwa mtu wa vivuli. Pale hakuna picha inayochorwa na mtu mmoja. Ukikuta haijaisha, unaimalizia, unapita. Nilijua hivyo. Lakini ya mama niliichora kwenye kanvasi niliyonunua mwenyewe, baada ya kazi, na ningeikaushia nyumbani kama ningekuwa na chumba cha pili. Nina kimoja, na mwanangu ana kifua. Akinusa tapentaini ya kuyeyushia rangi anakohoa mpaka anatapika. Nikaiacha karakanani, nimeigeuzia ukutani.

Jumatatu nikaikuta imegeuzwa, inang'aa. Mtu wa twiga alikuwa anaosha brashi.

"Umeona? Tumekumalizia."

Mama alikuwa amepewa uso wa rangi ya chungwa, hereni na meno. Jua linampiga usoni kutoka kushoto, ndizi zake linazipiga kutoka kulia.

Bosi akatoka ofisini na kikombe cha chai. "Dada, pale palikuwa na giza tu. Mtalii hanunui giza."

"Haikuwa ya kuuza. Ni mama yangu."

"Sasa si ungesema." Akapuliza chai. "Hata hivyo amependeza. Mama gani hataki mwanga?"

"Mpaka meno nimempa," mtu wa twiga akacheka. "Kwani wa kwako hakuwa nayo?"

Alikuwa nayo. Hakuyaonyesha kwa sababu pale barabarani hapakuwa na cha kuchekesha.

Nikalowesha tambara kwenye tapentaini. Rangi yao ilikuwa mbichi, nikajua itatoka. Ikatoka. Ila bluu yangu niliipaka nene, tabaka juu ya tabaka, na chini ilikuwa haijakauka. Mchoraji yeyote angesubiri kwanza. Mimi sikusubiri. Nikaliona shavu lake kidogo, lile lile, halafu likaja na tambara, pakabaki tope.

"Umeiharibu mwenyewe," bosi akasema. "Kesho usije."

"Siji. Vivuli vyenu wekeni wenyewe, kama mnajua jua linatokea wapi."

Nikatoka nayo, nimeishika mbali na gauni. Bodaboda mmoja akaniita, "Mama mdogo, huyo wako kichwa kakiacha wapi?" Wenzake wakacheka. Nikapita.

Nyumbani mwanangu aliikagua, akanyoosha kidole. "Miguu."

"Ya bibi yako. Usiguse, mbichi."

"Bibi mwenyewe yuko wapi?"

Akaanza kukohoa. Nikaitoa nje, nikaiegemeza ukutani, juani.