Sufuria ya Kwanza ya Mpunga Mpya

Florentine wa Bwegera alikuwa mtu wa kuzungumza na mpunga wake, tena hakuona haya. Vita iliposhuka kwenye uwanda wa kwao, alivuka mpaka hadi Bujumbura kwa binti yake Olive. Mumewe, Sévère, akabaki kufukuza ndege shambani, maana ndege hawajui vita.

Huko ugenini ubavu wa kulia ukawaka moto, homa ikampanda, akatapika hata maji. Jiwe lilikuwa limeziba mfuko wa nyongo, nao umevimba na kujaa usaha. Kwa udhaifu ule, kisu kingemmaliza. Daktari akapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, akatoboa njia toka kwenye utumbo hadi mfuko wa nyongo, akaacha kijibomba cha kutolea uchafu. Siku ya tatu Florentine akaomba chakula.

Wiki ya tano Sévère alipiga simu: mpunga umevunwa. Moyo ukamruka. Nyumbani kwao, wali wa mpunga mpya hauonjwi mpaka mwanamke aliyeupandikiza aupike. Mpaka wa Kavimvira ulikuwa wazi siku hizo, naye hasikii maumivu tena. Akafunga kifurushi chake.

"Mama, tumefungua mufereji tu," daktari alimwambia. "Jiwe bado iko ndani. Juma ijayo tunapasua, tunatosha mufuko yote. Ukienda, ugonjwa ikirudi na njia ikifungwa, nani atakutunza?"

Habari za mfereji mkulima wa mpunga hafundishwi. Lakini hamu haina masikio. Akampigia mumewe, akilia.

"Weye bakia kule," Sévère alisema. "Minye niko nakula bugali. Mupunga itakungojea."

Akabaki. Upasuaji ukaenda salama, ila kabla nyuzi hazijatolewa, mapigano yakafunga mpaka na simu zikanyamaza. Mwezi ukapita, na wa pili. Magunia yamejaa nyumbani, na yule mkaidi anakula ugali! Florentine alimkasirikia, akazidi kumtamani.

Asubuhi mtandao uliporudi, alimpigia mumewe, asimpe hata nafasi ya salamu.

"Baba Olive, weka sufuria ku moto. Leo minye napika."

Akampikia kwa sauti: maji kiasi gani, chumvi lini, makaa yapunguzwe sasa. Hatimaye akamsikia akitafuna.

"Iko namna gani?"

"Imeungua, Mama Olive."

"Kula tu," alisema, mkono juu ya kovu, machozi yakimtiririka. "Minye njo mwenye nimepika."