Simu Iliyomtangulia Mkuu wa Ukoo

Saa mbili asubuhi, mjini Effiduase, Ghana, Anti Yaa Dufie yuko kazini, ila kazi hakuna. Ameketi mbele ya kompyuta yake ya mezani, anaondoa vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, kwenye kibodi kwa brashi ya viatu, herufi moja baada ya nyingine, kama anayemsugua mtoto meno. Pembeni, juu ya meza hiyohiyo, bakuli la udongo la kusagia pilipili limefunikwa kifudifudi. Chini ya bakuli kuna simu.

"Nimeizima," anasema kwa sauti ya chini. "Lakini hata siku ile nilikuwa nimeizima."

Kila baada ya muda anainua ukingo wa bakuli, anachungulia, anaurudisha haraka. Ungedhani amefungia nge.

Anti Dufie ana miaka sitini na tisa na kazi yake ni kutengeneza mabango ya misiba. Alianzia kwenye taipureta, akahamia kompyuta ya mezani nywele zikiwa bado nyeusi. Zipo familia hapa ambazo amezichapia mabango ya babu, bibi na mjomba, na bango la bibi lilipotoka kila mtu alikumbuka jinsi bibi huyo alivyolilalamikia lile la babu. Bango moja humpatia kama cedi mia moja na hamsini. Kwa mji unaozipenda Jumamosi zake za mazishi kiasi hiki, hajawahi kukosa mteja.

Hajawahi mpaka wiki hii.

"Watu wanafariki, vilio navisikia," anasema. "Ila hapa kwangu hawaji. Wanapita upande wa pili wa barabara."

Na wanaopita hawapiti kimya. Jana fundi ujenzi mmoja alijikinga uso kwa kofia alipofika mlangoni pake. "Anti, tafadhali usinitazame sana," alimwambia. "Nyumba yangu haijafika kwenye paa!" Barabara nzima ilicheka. Anti Dufie naye alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani akiwa ameshika magoti.

Simu aliletewa Krismasi iliyopita na mwanawe Yaw, anayefanya kazi Hamburg. Yaw alimfundisha kutengeneza bango kwa kidole: picha huku, jina pale, fremu nyeusi, umemaliza. "Mama, siku hizi kila kitu ni kwenye simu," alimwambia. "Hilo sanduku lako la mezani lipeleke makumbusho."

Mama mtu aliishukuru simu, akaivisha kitambaa na kuifungia kabatini, mahali ambapo wazee wengi wa hapa huzihifadhi simu wanazoletewa na watoto. Ingekuwa kabatini hadi leo kama si Jumatatu ya wiki iliyopita, siku ambayo umeme ulikatika na Frema akagonga mlango.

Frema ni binti wa mzee Kwabena Sarpong. Macho yalikuwa mekundu, sauti yake haikufika hata dirishani.

"Anti, baba ametuacha alfajiri. Lakini bado. Mkuu wa ukoo yuko shambani, hajaambiwa. Wajomba wanamfuata kesho na chupa. Nataka tu bango liwe tayari, tukitoka kwake tulichape."

Neno "bado" hapa halihitaji maelezo. Mzee akifariki, msiba hautajwi mpaka mkuu wa ukoo awe ameambiwa kwa mdomo, ameketi, amekunywa maji, na chupa ya pombe kali imewekwa mbele yake. Kabla ya hapo marehemu "anapumzika", au "hajisikii vizuri tangu jana". Mji mzima unaweza kuwa unajua, mradi hakuna anayejua.

Anti Dufie desturi hii anaijua kuliko wengi. Miaka yote hiyo bango lililokaa kwenye kompyuta yake ya mezani lilikaa. Halikutoka mpaka awashe printa, na printa ile inavyolia, hakuna siri inayoweza kuponyoka bila yeye kusikia.

Siku ile, bila umeme, alitoa simu kabatini. Alitengeneza bango, akalitazama, likampendeza. Akataka kumtumia Frema alikague. Orodha ya majina ikatokea, na juu kabisa, kabla ya jina la Frema, palikuwa pameandikwa "Stetasi yangu", pale pa kuwaonyesha picha watu wote wenye namba yako. Kidole chake kimekakamaa kwa miaka mingi ya taipureta na kutwanga fufu ya mihogo. Kiligusa pale pa juu.

"Nikasikia kamlio kadogo," anasimulia. "Nikajua imefika kwa Frema. Nikaenda kukoroga supu ya karanga."

Aliporudi alikuta ujumbe. Pole, Anti. Kisha mwingine: Mzee Sarpong? Lini? Kisha mwingine, na mwingine, na simu ikawa inatetemeka juu ya meza na kusogea yenyewe kuelekea ukingoni.

"Nilidhani imeyasoma mawazo yangu," anasema. "Kweli kabisa. Nilisema, hiki kitu kimo kichwani mwangu na kinaongea na watu."

Akaizima. Haikumtosha, akaivingirisha kwenye taulo. Haikumtosha pia, akaizika kwenye debe la mchele, akakalia kifuniko. Akajua amemaliza, maana kilichozimwa hakisemi. Hakujua kwamba simu imelala lakini picha inatembea. Uso wa mzee Sarpong ulifika stendi, ukafika sokoni, ukafika kanisani kwa kwaya ya akina mama. Frema alipokuja mbio kuifuta, ilimbidi kwanza amwinue Anti Dufie kwenye debe.

Jioni ile mkuu wa ukoo, Nana Ntiamoah, alipata habari za Sarpong, mdogo wake, kutoka kwa muuza nyanya.

Tangu siku hiyo Anti Dufie anaogopa vitu vingi. Anaogopa simu. Anaogopa umeme, ambao ukirudi kwa kishindo unaweza kuiua kompyuta yake kuukuu. Fundi ameshamwambia haitastahimili mshtuko mwingine. Kuliko vyote anaogopa Ijumaa, siku aliyopanga kwenda kwa Nana Ntiamoah na chupa zake kuomba msamaha. Mzee akimkataa mbele za watu, hakuna ukoo utakaomwamini tena na maiti wao, na kwa umri wake hajui atajifunza kazi gani nyingine.

Na leo, kana kwamba hayo hayatoshi, Yaw anataka jibu. Rafiki yake anasafiri kuja Ghana na yuko tayari kubeba mashine mpya. Mama achague: kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato au simu kubwa zaidi.

"Kubwa zaidi!" Anti Dufie anashika kifua. "Ili msiba ufike Hamburg?"

Jirani yake, Mwalimu Gyebi, mstaafu, ameingia kutoa ushauri ambao hakuombwa. Yeye ana mpakato, aliununua alipopata kiinua mgongo.

"Chukua mpakato, dada yangu. Umeme ukikatika una betri yake. Ukimaliza unaufunga kama kitabu."

"Wa kwako umefungwa tangu lini, Mwalimu?"

Mwalimu anakohoa. "Tangu Pasaka. Nimesahau neno la siri."

"Na sasa unautumia kufanyia nini?"

"Nawekea vidonge vya presha," anakiri. "Uko sawasawa, hauyumbi."

Wanacheka wote wawili, halafu wanaacha kwa pamoja. Mwalimu anakiri pia, kwa sauti nyingine, kwamba usiku huuficha chini ya godoro kwa sababu ya wezi, na kwamba kila akilala anausikia mgongoni. Alitaka kumwandikia mjukuu wake barua. Hajaandika hata moja.

"Tunanunua vitu tukavilinde," anasema. "Mimi nimekuwa askari wa mpakato."

Ndipo kivuli kinapoziba mlango. Mwalimu Gyebi anasimama kabla hata hajageuka. Brashi inamponyoka Anti Dufie.

Nana Ntiamoah hakungoja Ijumaa. Amevaa nguo nyeusi ya msiba, imepitishwa chini ya kwapa na kutupwa begani, na amekuja na fimbo yake, peke yake, jambo ambalo si la kawaida na ndilo linalotisha zaidi. Mwalimu anakumbuka ghafla kwamba ameacha maji motoni, anaondoka.

Anti Dufie anavua ndala. Anampa mzee kiti, anampa maji. Anamsogezea kikombe kwa haraka hadi kinagonga meno ya mzee.

"Iko wapi?" anauliza Nana.

Anainua bakuli. Mzee anaitazama simu kwa muda mrefu, kama mtu anavyomtazama nyoka aliyepigwa lakini mkia bado unacheza.

"Nilikuwa nakula," anasema. "Tonge liko hapa. Muuza nyanya anapita, ananiambia, Nana, pole. Nikamuuliza, pole ya nini, bei imepanda? Akaniambia, ya mdogo wako."

Anti Dufie anapiga magoti. "Nana, nashika mguu wako. Sikukusudia. Kidole…"

"Sarpong nilimbeba mgongoni, Dufie. Nilistahili kuambiwa nimekaa, na mtu mwenye adabu mbele yangu. Sikustahili kuambiwa na mtu mwenye beseni kichwani." Nje mbuzi wanapita. "Lile tonge nililimeza. Sikujua nifanye nini nalo, nikalimeza. Ndilo linaloniuma."

Anti Dufie anasema baadaye kwamba hapo ndipo alipolisikia duka lake likifungwa, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Chupa mbili," Nana anasema mwishoni. "Uzilete Ijumaa kama ulivyopanga, mbele ya wote, na nitazipokea. Hilo limekwisha. Inuka, magoti yako hayana umri huo."

Anainuka kwa kushika meza. Lakini mzee haondoki. Anachomoa picha kutoka kwenye mkunjo wa nguo yake na kuiweka juu ya kibodi. Ni picha ya zamani: mwanamume aliyenyooka, amevaa nguo ya kente, anatabasamu kwa jeuri.

Anti Dufie hathubutu kuigusa. "Nana, nani tena amefariki?"

"Bado."

"Bado… hajatajwa?"

"Bado hajafariki. Ni mimi."

Anti Dufie anarudi nyuma hadi ukutani. Katika maisha yake yote hajawahi kumwekea fremu nyeusi mtu anayepumua, na hivi sasa yule mtu anamtazama na kukuna goti.

"Usinitolee macho. Wale wapwa zangu nawajua. Wataweka picha ya kitambulisho, ile niliyofumba jicho moja. Nitalala mbele ya mji mzima kama ninayemkonyeza mchungaji. Weka hii. Andika majina kwa mpangilio wake, dada zangu kwanza. Tarehe acha wazi."

"Nana, kwa nini mimi? Baada ya nililokufanyia?"

"Kwa sababu wengine wote hapa wanabofyabofya tu. Wewe sasa unaogopa. Nataka mtu anayeogopa." Anaelekeza fimbo mezani. "Utaniweka kwenye mashine gani?"

Hilo ni swali lilelile la Yaw, ila Yaw hajawahi kuliuliza akiwa ameshika fimbo. Anti Dufie anaitazama simu, anafikiria mpakato wa Mwalimu unaolala chini ya godoro, unaobebeka na mtu yeyote mwenye miguu. Kisha anaweka kiganja juu ya sanduku lake la zamani, lenye joto na vumbi.

"Kwenye ya mezani, Nana. Isiyoenda popote."

"Na umeme ukikatika?"

"Basi itabidi usubiri."

Mzee anacheka hadi anashika mbavu. "Nitasubiri. Sina haraka hata kidogo."

Mzee alipoondoka, Anti Dufie alimpigia Yaw, simu ikiwa imeshikwa mbali na sikio kama yai viza.

"Ya mezani," alisema. "Na iwe bubu."

"Mama, hakuna kompyuta bubu. Zote zinaingia kwenye mtandao."

"Basi mkishainunua muing'oe ulimi. Mteja atakuja na flashi yake, ataondoka na bango lake. Na uniletee betri kubwa ya kuilinda na umeme."

Yaw alilalamika: rafiki yake hawezi kubeba zigo lote hilo kwenye ndege, itabidi liletwe kwa meli hadi Tema, na meli inaweza kuchukua miezi. Mama yake akasema sawa.

Kwa hiyo mpaka meli ifike, bango la Nana Ntiamoah liko ndani ya mashine kuukuu ambayo fundi ameshaikatia tamaa. Ameliandaa mchana huu, majina yote kwa mpangilio, akikagua kila herufi mara mbili. Taa ikicheza kidogo, anaruka na kuichomoa waya. Mtu akikohoa barabarani, anaruka vilevile, na kuchungulia kama si Nana. Duka bado ni tupu. Anategemea kwamba baada ya Ijumaa, watu wakiona chupa zimepokewa, watarudi kutembea upande wake wa barabara.

Na kama watarudi, ana mpango: kiti cha pili cha wateja, na kibao mlangoni kinachosema hapa hakuna mtandao.

"Kazi zote nimezoea kuharakishwa," anasema, akitazama ile nafasi ya tarehe iliyo wazi kwenye skrini. "Hii moja, namwomba Mungu, mwenyewe achelewe. Achelewe mpaka mimi nishindwe kuona herufi, kazi apewe mtu mwingine aimalizie."