Kulabu Isiyo na Kengele

Chumba cha chama cha historia ya kijiji kilikuwa zamani stoo ya mbolea, na mpaka leo ukiingia na mafua unatoka umepona. Wanachama walikipaka chokaa, wakang'oa mbao zilizokuwa zimepigiliwa dirishani, wakaingiza meza ndefu na kupanga juu yake mali za marehemu zao: taa ya chemli, mizani iliyoinama upande mmoja, cherehani isiyo na mkono, na picha za watu waliokunja uso kana kwamba mpiga picha amewatukana. Kila kitu kilikuwa na kadi yake. Kadi iliyozua kasheshe ilikuwa ya kulabu kubwa ya chuma, yenye kutu, iliyokuwa ikining'inia kwenye boriti ya shule.

Kadi ilisema: "Kulabu ya kengele ya shule. Kengele yenyewe ilipotea."

Fundi viatu aliisoma akiwa amesimama. Akavuta kiti, akakaa, akaisoma tena.

"Ilipotea," akasema. "Ilikwenda wapi? Ilitumwa kuni ikasahau njia?"

Seremala, aliyekuwa juu ya ngazi akipigilia rafu, alicheka na misumari mdomoni, nusura ameze mmoja.

"Wifi, tusianze," alisema katibu, muuza dawa, dada wa marehemu mume wa fundi viatu. "Ufunguzi ni Jumamosi."

"Sijaanza mimi. Imeanza kadi."

Ugomvi wake ulikuwa na sababu. Hakuna mtu kijijini aliyemwita fundi viatu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Kengele. Sokoni Kengele, kanisani Kengele, msikitini wakimtaja, Kengele. Hata marehemu mumewe alipokwenda kuposa aliulizwa na wazee wake mwenyewe kama ana hakika na masikio yake. Na yeyote aliyeacha kunyonya alijua jina limetoka wapi.

Baba yake ndiye aliyekuwa akiipiga ile kengele. Aliipiga kwenye mvua na kwenye jua, akiwa mzima na akiwa anatetemeka kwa homa, mpaka alipokuja mwalimu mkuu mpya akasema kamba inaweza kuvutwa na mtoto yeyote. Akaachishwa kazi mchana. Wiki haikuisha, alfajiri moja binti yake aliamshwa na mlango, akafungua, akamkuta baba ana gunia begani. Ndani alikuwa ameifunga kengele kwa blanketi, lakini kila akipiga hatua gunia lilikohoa. Aliondoka nalo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akarudi na viatu. Vyeusi, vipya, vikubwa ili mguu ukue humo humo. Ndivyo viatu vya kwanza binti alivyovaa maishani mwake, na siku hiyo hiyo akaenda navyo shule, kwenye uwanja ambao watoto walikuwa wamezagaa kama kuku kwa sababu hakuna kilicholia.

"Dada yangu," alisema mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyevaa tai hata siku za kufagia, "kadi ile tumeiandika kwa kukustahi wewe. Kanuni unaijua."

Aliijua. Chama kilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, habari haibandikwi ukutani mpaka watu wawili walioiona kwa macho yao waseme mamoja, kila mtu akihojiwa peke yake kwenye kichumba cha mafagio, mwenzake asisikie. Hiyo alikuwa ameipendekeza yeye, na aliipenda kama mtoto wake. Ya pili ililetwa na Mwalimu, ikapitishwa juu juu watu wakinywa chai: lisiandikwe jambo la kuiaibisha familia ya mwanachama. Na kwa kuwa karibu kila ukoo ulikuwa na mwanachama, historia ya kijiji ikabaki na watu wema watupu na mafuriko.

"Mmenistahi lini?" aliuliza. "Niliposimama sokoni watu wakaniigizia ding'a-ding'a, mlikuwa wapi na stahi yenu?"

"Yamepita hayo."

"Kwako yamepita. Mimi nimeitwa hivyo leo asubuhi na mteja wa kandambili."

Seremala alitaka kucheka tena, Katibu alipomkata jicho akaigeukia misumari yake.

Kesho yake Mwalimu alifika kibandani kwake na viatu vyake vya kahawia, soli imefunguka mbele kama mdomo wa mtu anayetaka kuomba samahani. Fundi alikivuta kimoja, akakitia kwenye kalibu, ule mguu wa chuma wa kushonea, akaanza kukwangua gundi ya zamani.

"Vya Jumamosi hivi," alisema Mwalimu.

"Vitakuwa tayari. Mimi sigombani na viatu."

Mwalimu akakaa kwenye benchi la wateja. "Fikiria wajukuu zako. Waje na wenzao, wasome ukutani babu yao mwizi?"

"Sasa wakija watasoma nini? Niambie. Iko wapi kadi yenye baba yangu?"

Mwalimu akageuza macho barabarani.

"Mwalimu mkuu ana picha mbili. Mwenye duka ana picha na mizani. Hata punda wa mwenye duka yumo, ana kadi, kaandikwa alikuwa mpole. Baba yangu aliwaamsha ninyi nyote miaka na miaka, na mahali pekee ambapo angeweza kuonekana ni kwenye ile kulabu. Mmeufuta wizi, mmemfuta na yeye. Aliiba, ndiyo. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Lakini alikuwepo."

Alichukua msharasi, akatoboa ngozi, akavuta uzi kwa meno.

"Na hebu tuache kupakana mafuta," aliendelea. "Hujaificha kwa ajili yangu. Siku ile uwanjani, nani aliyeangalia miguu yangu akasema, 'Pangeni mstari, kengele imefika'?"

Mwalimu alijishughulisha na tai yake. Alikuwa darasa la juu wakati ule, mvulana mwenye ulimi wa wembe, na alfajiri ile alikuwa amepishana njiani na mpiga kengele na gunia lake linalokohoa; aliposema hivyo, uwanja mzima uliangua kicheko mpaka walimu nao wakageuka ukutani.

"Tulikuwa watoto," alisema mwishowe.

"Mimi zaidi. Na siwezi kukusamehe kitu ambacho hakikutokea. Wewe umeandika ilipotea, basi hakuna aliyechekwa."

"Unataka nini, Kengele?" Likamtoka, akauma mdomo.

"Hilo hilo jina, lakini na sababu yake. Njoo useme ulichokiona."

Mwalimu aliondoka kwa kandambili za kuazima.

Ijumaa jioni walikutana kwa mara ya mwisho kabla ya ufunguzi. Fundi viatu aliingia, akaweka viatu vya Mwalimu mezani karibu na mizani, vinang'aa kiwi, halafu akaweka ufunguo wa chumba pembeni yake.

"Nimejitoa kwenye chama," alisema.

"Wifi, acha vituko."

"Si vituko. Kanuni inalinda familia ya mwanachama. Mimi si mwanachama. Baba yangu hana wa kumlinda tena, mwandikeni."

Katibu alijua, kama walivyojua wote, kwamba mikutano ya chama ya kila Alhamisi ndiyo iliyomtoa huyu mama ndani baada ya msiba. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuomba ile chemli na ile cherehani. Alikuwa ameweka mezani kitu ambacho kingemuuma kukikosa, na wala hakuwa anatingisha kiberiti.

"Kanuni ya kwanza bado ipo," alisema Seremala taratibu. "Mashahidi wawili."

"Wa kwanza mimi. Twende, Katibu."

Akaingia kwenye kichumba cha mafagio, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia wifi yake kila alichokiona: mlango, gunia lililokohoa, viatu, uwanja, na maneno yaliyosemwa uwanjani. Akatoka nje kabisa, akasimama barabarani mbali ya kutosha ili pasiwe na wa kusema alitega sikio. Kanuni ilikuwa yake, hakutaka kuichafua.

Ndani, Mwalimu aliviangalia viatu vyake. Seremala alishuka kwenye ngazi, akaikunja. Mwalimu akavua kandambili, akavaa viatu, akafunga kamba polepole kama mtu anayekwenda mbali, kisha akaenda kuketi kwenye ile ndoo.

Alikaa humo muda mrefu. Katibu alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la mafagio. Akavuta kadi mpya, akaandika mwenyewe, mwandiko wa kwenye pakiti za dawa:

"Kulabu ya kengele ya shule. Kengele iliibwa na aliyekuwa akiipiga, baada ya kuachishwa kazi. Aliiuza, akamnunulia binti yake viatu. Binti alichekwa uwanjani na mwanafunzi ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama hiki, akabaki na jina. Wameshuhudia wote wawili."

Jumamosi watu walijaa mpaka dirishani. Mwalimu aliisoma kadi ile kwa sauti, maana ndiyo kazi ya mwenyekiti, na alipofika penye neno "mwenyekiti" sauti ilikwaruza lakini haikukatika. Hakuna aliyecheka. Fundi viatu alisimama kando ya kulabu na aproni yake ya kazi, kidevu juu, akiwatazama mmoja mmoja wale waliowahi kumpigia ding'a-ding'a, mpaka kila mmoja akapata kitu muhimu sana cha kuangalia kwenye mizani.

Watu walipopungua, Katibu alimletea ule ufunguo.

"Haya, rudi sasa. Umeshinda."

"Nirudi ili kanuni yenu ya pili iamke? Wiki ijayo mtakuta familia ya mwanachama imeaibishwa, kadi itashuka."

"Tutaifuta kanuni."

"Mkishaifuta, mniite."

Hawajaifuta. Kila ikiletwa mezani, kuna mwenye mjomba wa kuficha. Kwa hiyo Alhamisi chama kinakaa ndani, na Kengele anakaa nje kizingitini na kalibu yake mapajani, mlango wazi. Anagonga visigino, anasikiliza, na mtu akianza kusema kitu fulani kilipotea, nyundo inasimama.

"Kilikwenda wapi?" anauliza kutoka nje.