Usinisomee Maneno ya Watu

Mimi na Scolastika tunagawana fremu moja ya duka hapa Mbinga mjini. Barazani ni cherehani yangu, ndani ni steshenari yake: kompyuta, printa, mashine ya kutolea kopi na benchi la wateja. Ukitaka kumjua huyu mwanamke usihangaike na sura yake, maana hatulii ukamwona. Mwangalie vidole.

Mausi haigusi. Ipo pale pembeni imejaa vumbi, na mteja akimuuliza, anamjibu, "Mausi ni ya watu wenye muda." Kompyuta alijifunzia kwa masista Kigonsera, kwenye chumba ambacho mausi zote zilikuwa mbovu, na sista aliyewafundisha akasema basi, tutatumia vidole tulivyopewa na Mungu. Mwenzangu akatoka pale na vidole kweli. Mimi ni fundi nguo, kompyuta hata kuiwasha siwezi, lakini njia zake za mkato nazijua zote kwa masikio, kwa sababu Scola anabonyeza huku anaongea. Kontroli na C, nakili. Kontroli na X, kata. Kontroli na V, bandika. Kontroli na Z, rudisha ulichoharibu. Kontroli na S, hifadhi, na hiyo anaipiga kila akiweka koma, umeme wetu si unaujua? Mteja mmbeya akiinamia kioo asome ya mwenzake, Alt na Tab, ukurasa umepotea, mmbeya anabaki kutazama bei za picha za pasipoti.

Nisikufiche, ananichosha. Chai anakunywa amesimama. Ukimsimulia jambo anakukatisha, "Da Yuli, fika mwisho." Nikamwambia siku moja, wewe mtoto ungekuwa mshono ningekufumua nikushone upya, taratibu. Akacheka, akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Kazi iliyompa jina ni wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi hivihivi. Lazima asimame mtu asome karatasi, alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alikuwa mtu wa namna gani. Wafiwa wanakuja mbio, macho mekundu, gari linawasubiri. Scola akagundua njia yake. Anafungua wasifu wa zamani, Kontroli na H, jina la marehemu wa kwanza linatoka, la huyu linaingia ukurasa mzima kwa mara moja, anabadilisha tarehe na watoto, printa inalia, wafiwa wanamshukuru. Ndiyo maana kuanzia milimani hadi ufukweni marehemu wote walikuwa wacheshi, wakarimu, wapenda maendeleo, na pengo lao halitazibika.

Aliyeligundua hilo ni mama yake mwenyewe, Mama Kunigunda wa Lituhi, kule ufukweni. Alikuwa mwanikaji wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, na alikuwa akipanda huku na ndoo zake kuuza. Siku hiyo aliingia, hata shikamoo yangu hakuisubiri imalizike.

"Marahaba. Scolastika! Juzi tumemzika Raimundi, mlevi yule aliyempiga mkewe mpaka kanisani. Karatasi yako ikasema mcha Mungu, mpole, mshauri wa vijana. Nikamuuliza mwanikaji mwenzangu Eunice, jamani, tumekosea kaburi?"

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Scola hata kichwa hakuinua. "Mama, watu wanataka haraka."

"Mimi sitaki haraka. Mimi nikifa usinisomee maneno ya watu. Nisomee yangu, hata yakiwa mawili. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Acha kubonyeza, niangalie. Umesikia?"

Vidole vikasimama. "Nimesikia."

Mwaka jana, mwanzoni mwa masika, simu ikaja asubuhi. Mama Kunigunda ameanguka kwenye vichanja vyake vya usipa na hakuamka. Mazishi kesho yake. Wajomba wakagawana kazi: Scola aje na jeneza kutoka Mbinga, na wasifu aje nao umeshachapwa, si ndiyo kazi yake? Jeneza lilikuwa bado linapigwa vanishi. Ikabidi asubiri, na kumwambia Scolastika asubiri ni kumtesa.

Hakulia. Alifungua ukurasa mweupe, akaandika sentensi, Kontroli na A, chagua yote, futa. Akaandika nyingine, akafuta. Akatoka nje, akarudi. Akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Nikamwambia, "Scola, mdogo wangu, kaa chini ulie kwanza." Akanijibu kwa ukali, "Nikikaa nani ataandika? Nilimwahidi." Mwishowe akashika kasi. Aliandika bila kusema neno, na hilo sijawahi kuliona kwake, hata zile Kontroli zake hakuzitaja. Alipomaliza akasema, "Nimempata. Da Yuli, nimempata Mama kabisa." Sura yake ililegea nikaona kumbe ni binti mdogo tu.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na mpaka leo nikikumbuka nakereka. Ile aya aliyoiandika, ya mama yake alikuwa mtu wa namna gani, ilikuwa chini kabisa ya ukurasa. Akaikata ili aipandishe juu, mahali pake. Kontroli na X. Kabla hajaibandika, akaingia mteja wetu Tobias wa Ukata, huko milimani.

"Pole na msiba, dada. Nina dakika moja tu, jamani. Misa ya kumbukumbu ya bibi ni Jumapili, nataka yale maneno yake mazuri yawekwe kwenye kadi."

Mtu mwingine angemfukuza. Mimi nilishafungua mdomo nimfukuze. Scola vidole vikatangulia: akafungua wasifu wa zamani wa bibi yake Tobias, akanakili yale maneno, akabandika kwenye kadi, printa ikalia, Tobias huyo akaondoka. Kompyuta, alinieleza baadaye, inashika kitu kimoja tu mkononi. Umekata hiki, hujakiweka mahali, ukanakili kingine, cha kwanza kimedondoka na haikuambii. Nje dereva anapiga honi, jeneza limeshapakiwa, wajomba wanapiga simu. Scola akarudi kwenye ukurasa wa mama yake, Kontroli na V, Kontroli na S, Kontroli na P, chapa, Alt na F4, funga, zima. Hakusoma. Kwa nini asome? Alishayaandika mwenyewe, na vidole vyake havijawahi kumdanganya.

Bahasha niliibeba mimi mapajani njia nzima, tukiteremka kuelekea ziwani, Scola mbele akimhimiza dereva kila kona mpaka dereva akamwambia, "Dada, unataka tumfuate mama wote?" Msibani ndiyo usiseme. Aliosha masufuria ambayo wenzake walikuwa wamekwisha kuyaosha. Alichota maji, akapepeta mchele, akagombana na waliochimba kaburi eti limepinda. Wanawake wa Lituhi wakanong'ona, huyu mbona hana machozi? Nikawatazama vibaya wakanyamaza.

Kesho yake, makaburini, kwenye mchanga ambako ziwa linaonekana, Katekista Modest akafungua bahasha. Mwanzo ulikwenda vizuri: kuzaliwa, kubatizwa, ndoa. Kisha akakohoa na kuendelea, "Marehemu alikuwa mkulima hodari wa kahawa. Alipenda kuamka alfajiri kukagua miche yake, naye ndiye wa kwanza kijijini kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda maendeleo..."

Watu wakatazamana. Kahawa, Lituhi? Kunigunda? Mwanamke ambaye mti wa kahawa aliuona kupitia dirisha la basi? Kijana mmoja nyuma akacheka, akapigwa kiwiko. Nikamtazama Scola. Uso umekuwa wa majivu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa pajani, juu ya kitenge, vidole viwili vinabonyeza, vinabonyeza. Kontroli na Z. Kontroli na Z. Nilijua hata bila kuambiwa, na moyo uliniuma, maana pale hapakuwa na cha kurudisha. Maneno yalishatoka mdomoni mwa katekista, yameingia masikioni mwa watu, na ile aya yake ilidondoka jana Mbinga, akaizima kwa mkono wake mwenyewe.

Katekista alikuwa amefika kwenye pengo lisilozibika.

"Baba Modest, acha." Ilikuwa sauti ya Scola. "Acha kusoma. Huyo si Mama."

Mjomba mkubwa akang'aka, "Scolastika! Adabu!"

"Mjomba, nisamehe. Huyo ni bibi wa watu wa Ukata. Mama alinikataza kitu kimoja tu, na ndicho nilichofanya."

Akasimama pale kando ya jeneza. Nikadhani atakimbia, maana ndivyo alivyo, jambo likimbana anatafuta ufagio. Hakukimbia. Alikuwa anayatafuta yale aliyoyaandika, na hayakuja hata moja. Mawimbi tu, na sisi tumesimama tunaungua jua.

"Mama alikuwa mkali," akasema mwishowe. "Kunguru walikuwa wanaiogopa sauti yake kuliko mawe. Alinipiga na mwiko nikiwa nimeshavaa sare ya kidato cha nne, kwa sababu nilisema nimechoka. Yeye hakusema amechoka. Hakukaa. Sijamwona amekaa hata wakati wa kula, na mimi watu wananilaumu sikai, wanadhani nimeyatoa wapi? Usipa wake ukilowa na mvua alikuwa analia kama amefiwa, halafu anacheka, halafu anaanika upya. Hakuwa mcheshi kwa wageni. Mkarimu, mmh, samaki wake wa mbasa hakumpa mtu hata kichwa, labda umpe wewe kwanza kitu."

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi. Mjomba naye akainamisha kichwa, mabega yakitikisika.

"Alipanda na ndoo mpaka Kigonsera kuniona shuleni. Alisimama getini, hakuingia, eti ananuka samaki. Mimi nilimwona nikachelewa kutoka, nilikuwa namalizia kuandika. Nilipotoka ameshaondoka. Ameacha ndoo."

Hapo akashindwa. Bibi Eunice, aliyeanika usipa kichanja kwa kichanja na marehemu tangu usichana wao, akasogea mbele na fimbo yake, akamtazama Scola, akalitazama jeneza.

"Haya," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Huyo ndiye Kunigunda. Sasa hatujakosea kaburi. Mzikeni."

Scolastika akakaa mchangani, akalia. Nilikwenda nikakaa pembeni yake. Mchanga ulikuwa wa moto, wanaume walimaliza kufukia, mashada yakawekwa, watu wakaanza kutawanyika kwenda kula, na yeye alikuwa bado amekaa.