Vocha ya Mzee Geuza

Mtu mwenye karatasi asiyoielewa, awe wa Singe au wa Mutuka, alielekezwa Bagara kwa Gerson, karani mstaafu wa mahakama, aliyekuwa na meza nje ya duka la kutolea fotokopi. Alihamia Babati wakati mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, na kwa miaka yote hiyo ushauri wake ulikuwa mmoja: geuza. Umeletewa mkataba wa kukodisha shamba? Geuza, maana mbele wanaandika maneno matamu, masharti wanayaficha nyuma. Watu wakamwita Mzee Geuza, na jina likamkaa vizuri kuliko koti lake la harusi.

Sasa huyo huyo, kila Jumamosi asubuhi akienda kununua gazeti, alikata kona kwenye duka la kubeti akaweka mkeka wa buku, shilingi elfu moja ya kubashiri mechi. Hakuwahi kushinda kitu cha kusimulia. Mkewe Scholastica, kiongozi wa akina mama wa jumuiya, hakujua. Ndivyo Gerson alivyoamini, na imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka waliotimiza miaka thelathini ya ndoa alimwahidi mkewe kwamba watakula hotelini. Miaka thelathini, na hawajawahi kukaa wawili kwenye meza yenye kitambaa ambayo si ya harusi ya mtu mwingine. Ahadi ilikuwa nene, mfuko mwembamba. Wiki hiyohiyo dada wa duka la kubeti akamkabidhi zawadi ya mteja mwaminifu: vocha ya chakula cha watu wawili kwenye hoteli moja upande wa ziwani. Gerson aliipokea kwa mikono miwili akaitia mfukoni. Hakuigeuza. Alilelewa kwamba zawadi haikaguliwi mbele ya aliyekupa, na hata alipofika nyumbani aliona ni utovu wa adabu kutafutia kasoro kitu cha bure. Mkataba unageuzwa, zawadi inashukuriwa. Baadaye, kila alipojikumbuka akiwaza hivyo kwa uso mkavu kabisa, alijicheka mwenyewe kabla wengine hawajaanza.

"Nimepewa na mteja niliyemwandikia barua," alimwambia mkewe.

Scholastica aliiangalia ile vocha, akaiweka kabatini, akasema asante.

Siku yenyewe iliangukia Jumamosi. Mchana Gerson alivaa koti la harusi, nalo likakubali kufungwa kifungo kimoja tu. Hotelini aliagiza samaki wa kukaanga kwa sauti ya mtu aliyezoea, kisha akalaza vocha mezani. Mhudumu, kijana aitwaye Jovin, aliichukua. Akaigeuza.

"Samahani mzee, hii inatumika Jumatatu mpaka Alhamisi."

"Basi tupe thamani yake, sisi tutaongezea."

"Haibadilishwi kwa hela."

"Tufungie chakula, tutakila nyumbani hiyo Jumatatu."

"Kufungiwa hairuhusiwi. Na samaki hawamo, soda hazimo, ni chakula cha siku tu. Tena inaisha mwisho wa mwezi huu." Jovin alisogeza macho mstari wa chini, akamtazama mama, akapunguza sauti. "Halafu mwenye vocha aonyeshe kadi yake ya kubeti."

Gerson alisikia masikio yakipata moto. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, kwamba kadi anayo yule mteja. Kabla haujatoka, Scholastica alifungua mkoba, akaweka kadi mezani. Kona zake zilikuwa zimechujuka kwa sabuni.

"Niliikuta kwenye suruali yako wakati wa Kwaresima," alisema. "Na vocha niliigeuza jioni ileile uliyoileta. Si ndivyo unavyofundisha watu?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Buku halijaniuma, Baba Hope. Kilichoniuma ni huyo mteja wako wa barua."

Gerson aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima ahesabu maua ya kitambaa cha meza. Aliomba msamaha kwa maneno machache, kwa sababu yale mengi aliyamaliza kwenye kudanganya.

Scholastica aliomba kalamu kwa Jovin, akaandika chini ya masharti, akaisukuma vocha upande wa mumewe huku mbele kukiwa juu. Gerson, kwa haraka ya kutaka yaishe, akatafuta mahali pa kusaini.

"Geuza kwanza," alisema mkewe.

Akavaa miwani. Akasoma yote, la kwanza mpaka la mwisho: Mwenye vocha hii hatamdanganya tena mkewe. Akasaini. Kisha akaagiza wali na maharage sahani mbili, za kulipia mwenyewe, kwa kuwa hela ya samaki hakuwa nayo.

Jovin alipokuja kuondoa vyombo alinyoosha mkono achukue na ile karatasi, akidhani ni taka.

"Iache, mwanangu," alisema Scholastica, akiikunja na kuitia mkobani. "Hapa mmeandika inaisha mwisho wa mwezi. Sharti langu haliishi."