Chupa ya Mtu Baki

Juzi hospitalini nilichoshwa na ubishi. Jirani yangu wa mtaa wa Kabiro alikuwa amejifungua, na damu inamwisha. Shemeji yake, aliyemtolea damu uzazi uliopita, akakunja mkono wa shati.

"Yako haiingii tena," mpimaji wa damu akamwambia. "Mwili wake uliiona mara ile, ukajifunza kupigana nayo. Iliyokubaliana na yake kwenye kipimo ni hii chupa ya mtu baki."

Mama mkwe akaziba mlango wa wodi. "Ya kabila gani, daktari?"

Nami, msema sala kanisani, Mungu anisamehe, nikatazama viatu vyangu.

Mgonjwa mwenyewe akanyoosha mkono. "Mama, waache waniwekee. Ya kwenu mwili umeshaikataa."

Leo ananyonyesha. Mama mkwe amempakata mjukuu mkubwa, na bado anauliza kabila.