Vazi la Madumu ya Mawese

Juzi hapa Gungu nilimwona mtoto amevaa boksi kichwani, eti roboti, na papo hapo nikasikia harufu ya mawese. Utotoni, vazi langu la kuchezea vita vya anga za juu nililitengeneza uani kwa madumu matupu ya mawese. Nikitembea, hadi Kongo, ng'ambo ya ziwa, walisikia kelele. Wakati huo wavuvi wa Katonga walikuwa wameacha kuvua, wanamtafuta kaka Hamisi, ambaye mtumbwi wake ulipinduka. Mimi nilidhani wamekosa tu vazi la kuzamia.

"We, unakwenda wapi na madumu?" mama aliuliza.

"Kumleta kaka. Hili haliingizi maji, mama."

Shangazi, aliyekuwa kando yake, akaangua kilio. Mama alipiga magoti, akanikazia kamba za mabegani, kisha akauliza taratibu, "Humo ndani mtaenea wawili?"